Kusaka Dawa Mpya ya Kifua Kikuu kwa Kompyuta ya Kawaida: Mwongozo wa Kuanzia

Mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 wakafariki. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya shirika hilo ya 2021–2025 ya nchi 30 zilizoelemewa zaidi. Isoniazidi, ambayo bado ni nguzo ya dozi ya kawaida, ilianza kutumika mwaka 1952, na vimelea vimekuwa na muda wa kutosha kuizoea.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia, famasia au biolojia mwenye kompyuta ya mkononi, intaneti ya kubahatisha, na hamu ya kujua molekuli zipi zinafaa kujaribiwa dhidi ya bakteria huyu. Programu zote nitakazotaja ni za bure.

Jambo moja kabla hujafungua kompyuta. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012 na kubadili kabisa tiba ya kifua kikuu sugu, haikugunduliwa kwa kompyuta. Ilipatikana kwa kumwagia bakteria hai molekuli nyingi na kutazama zipi zinamzuia kukua. Kwa hiyo ondoa wazo kwamba kompyuta itakupa dawa. Kazi yake ni kupunguza orodha: kutoka molekuli elfu moja hadi kumi na tano ambazo mwenye maabara atakubali kuzipotezea muda. Ukiifanya vibaya, utapunguza orodha kwa kubahatisha huku ukiamini umefanya sayansi, na sehemu kubwa ya maelezo yatakayofuata inahusu namna ya kuepuka hilo.

Hatua ya 1: Chagua shabaha

Tutatumia InhA, kimeng'enya kinachomsaidia Mycobacterium tuberculosis kutengeneza asidi za mikoliki, yaani mafuta marefu yanayoufanya ukuta wake kuwa mgumu kupenyeka. Bila asidi hizo bakteria hawezi kuishi, na seli za binadamu hazizitengenezi. Umbo la InhA linajulikana tangu mwaka 1995, na tangu hapo limepigwa picha za kioo, yaani picha za eksirei za protini iliyogandishwa kuwa kioo, mara nyingi likiwa limeshikana na vizuizi (molekuli zinazokizuia kimeng'enya kufanya kazi) vya aina mbalimbali. Shabaha nyingine zipo, kama DprE1, MmpL3 na ATP sinthasi inayoshambuliwa na bedakwilini, lakini kwa anayeanza InhA ni rahisi zaidi kwa sababu kuna majibu yanayojulikana ya kujipima nayo.

Sababu ya pili ni ya kitabibu. Isoniazidi hushambulia InhA, ila haifanyi hivyo yenyewe. Inapoingia ndani ya bakteria bado si silaha kamili. Kimeng'enya kingine, KatG, ndicho huiamsha, kisha inaungana na NAD, molekuli saidizi ya kimeng'enya, na muungano huo ndio unaoziba mfuko wa InhA, yaani uwazi ambamo kimeng'enya hufanyia kazi yake. Bakteria wengi walio sugu kwa isoniazidi wamebadili jeni la katG, hasa kwenye nafasi ya 315. InhA yao haijabadilika. Kilichokwama ni uamshaji. Molekuli inayoweza kuingia kwenye InhA moja kwa moja bila kumhitaji KatG ingewafikia bakteria hao, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Hapa pana kosa ambalo limejaa kwenye makala za upachikaji, au dokingi kama wengi wanavyoita, yaani kukokotoa kwa kompyuta namna molekuli inavyokaa kwenye mfuko wa protini na kuipa alama ya nguvu ya kushika. Mtu anachukua isoniazidi yenyewe, anaipachika kwenye InhA, anapata alama dhaifu, kisha anatangaza kwamba molekuli yake kutoka kwenye mwarobaini imeishinda dawa ya hospitali. Isoniazidi ni molekuli ndogo mno, yenye uzito wa 137 tu, na haingii peke yake kwenye mfuko huo kufanya kazi. Kuishinda kwa alama hakuna maana yoyote. Kipimo chako kiwe kizuizi cha moja kwa moja kinachojulikana, au huo muungano wa isoniazidi na NAD. Ukisoma makala iliyolinganisha na isoniazidi tupu, isome kwa tahadhari.

Hatua ya 2: Andaa kompyuta

Kumbukumbu ya GB 8 na kiini chenye nyuzi nne vinatosha. Linux ni rahisi zaidi. Mwenye Windows aweke WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Weka Miniconda, kisha:

conda create -n tb -c conda-forge python=3.11 openbabel rdkit meeko pymol-open-source
conda activate tb

AutoDock Vina, programu itakayofanya upachikaji, ni faili moja. Ipakue, ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, na uiweke kwenye njia ya kompyuta. Vina ilitolewa na Oleg Trott na Arthur Olson wa taasisi ya Scripps mwaka 2010 na ndiyo inayotumiwa zaidi vyuoni. Kompyuta ikikuelemea kabisa, Google Colab inatosha kwa kujifunzia, ila hukata kikao ukikaa kimya, kwa hiyo hifadhi matokeo kila mara.

Hatua ya 3: Pakua umbo na ulisafishe

Kwenye hazina ya maumbo ya protini, PDB, tafuta namba 4TZK. Ni InhA ikiwa na NAD pamoja na kizuizi cha moja kwa moja cha jamii ya pirolidini, kilichopewa alama 641. Kwenye PyMOL, programu ya kutazama maumbo:

fetch 4TZK
remove solvent
remove not (polymer or resn NAD or resn 641)
centerofmass resn 641
remove resn 641
save inha_nad.pdb

Andika pembeni namba tatu zinazotolewa na amri ya centerofmass. Ndizo katikati ya kisanduku chako, yaani eneo ambamo Vina itatafuta mkao wa molekuli. Kabla hujamfuta 641, mtazame kidogo. Utaona amelalia NAD, na oksijeni yake moja imeelekea kwenye tairosini ya 158. Kumbuka picha hiyo.

Usifute NAD. Vipindi vingi vya mafunzo hufundisha kuondoa kila kitu kisicho protini, na kwa shabaha nyingine hilo ni sawa. Kwa InhA, NAD ni sehemu ya ukuta wa mfuko. Ukiiondoa, unabaki na shimo kubwa ambalo halipo ndani ya bakteria anapokutana na vizuizi vya aina hii, na molekuli zako zitaingia humo kwa furaha na kupata alama nzuri za uongo.

InhA hukaa nne nne katika hali yake ya asili, lakini kila moja ina mfuko wake, hivyo mnyororo mmoja unatosha. Sasa ongeza hidrojeni na ubadili muundo wa faili:

obabel inha_nad.pdb -O inha_nad.pdbqt -xr -p 7.4

Fungua faili hiyo uhakikishe NAD imo. Vina haitumii chaji za atomi katika hesabu yake ya kawaida, kwa hiyo usipoteze siku ukibishana kuhusu njia ya kukokotoa chaji. Inachojali ni aina ya atomi na mahali zilipo.

Hatua ya 4: Mrudishe 641 nyumbani kwake

Hii ndiyo hatua isiyorukwa. Tunajua 641 anakaa wapi kwa sababu picha ya kioo inatuonyesha. Je, Vina ikipewa molekuli hiyo ikiwa imekunjwa upya itamrudisha palepale? Ikishindwa kwa molekuli ambayo jibu lake liko mezani, hakuna sababu ya kuiamini kwa zile ambazo jibu lake hakuna anayelijua.

Kutoka ukurasa wa ligandi (molekuli inayoshikana na protini) 641 kwenye PDB pakua faili mbili za SDF: moja yenye umbo lake jinsi lilivyo ndani ya 4TZK, ambayo ndiyo marejeo, na nyingine ya umbo la jumla. Usitumie ile ya kwanza kuanzia upachikaji, kwa sababu utakuwa umempa mtahiniwa majibu. Kunja upya ile ya pili:

obabel 641_jumla.sdf -O 641_3d.sdf --gen3d -p 7.4
mk_prepare_ligand.py -i 641_3d.sdf -o 641.pdbqt

Kisha andika faili la mipangilio, liite inha.txt, lenye mistari hii, ukijaza namba zako tatu:

receptor = inha_nad.pdbqt
center_x = 
center_y = 
center_z = 
size_x = 22
size_y = 22
size_z = 22
exhaustiveness = 16
seed = 42

Na uendeshe:

vina --config inha.txt --ligand 641.pdbqt --out 641_out.pdbqt
mk_export.py 641_out.pdbqt -s 641_out.sdf

Pima umbali kati ya mkao wa kwanza na marejeo kwa obrms, amri ya Open Babel, ukiwa umeondoa hidrojeni pande zote mbili. Umbali wa wastani chini ya angstromu 2 unakubalika kwa desturi ya kazi hii. Ukizidi, usikimbilie kubadili programu. Angalia kwanza kama NAD ipo, kama kisanduku kiko mahali pake, na kama ligandi ina mkono sahihi, maana 641 ana kaboni moja yenye pande mbili zinazowezekana na ni moja tu iliyo kwenye kioo. Rudia kwa mbegu tofauti za bahati, yaani badilisha seed, uone kama jibu linabaki lilelile.

Hatua ya 5: Mitego

Kumrudisha ligandi mmoja kunathibitisha kwamba programu inajua mkao. Hakuthibitishi kwamba inaweza kutofautisha kizuizi na molekuli ya kawaida. Kwa hilo unahitaji mitego: molekuli zinazofanana na vizuizi kwa uzito na tabia za kikemia, lakini zinazodhaniwa kuwa hazifanyi kazi. Hazina ya DUD-E ina seti iliyokwisha andaliwa kwa shabaha 102, na InhA ni mojawapo.

Chukua vizuizi arobaini hivi na mitego elfu mbili, vipachike vyote, kisha vipange kwa alama. Vizuizi vikitawanyika sawasawa kuanzia juu hadi chini, eneo chini ya mchoro wa ROC, unaoonyesha vizuizi vinavyonaswa dhidi ya mitego inayonaswa kimakosa, litakuwa karibu 0.5, sawa na kurusha shilingi. Ukipata 0.7 na kuendelea, una kitu cha kufanyia kazi. Lakini nakushauri uangalie zaidi asilimia moja ya juu ya orodha: katika molekuli ishirini za kwanza, vizuizi halisi ni vingapi? Kwa kubahatisha tu ungetarajia wasiofika hata mmoja kamili. Kwenye kundi la juu kama hilo ndiko utakakochagua za kupeleka maabara. Nafasi ya 900 haina mpango nawe.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu inachukua muda na haitoi picha nzuri ya kuweka kwenye makala. Ukiwa msimamizi wa mwanafunzi, dai uione kabla ya kusoma sura ya matokeo.

Hatua ya 6: Maktaba ya molekuli

Hapa Afrika Mashariki ina kitu chake. Kuna hazina ya molekuli zilizotolewa kwenye mimea na viumbe vya ukanda wetu, EANPDB, yenye zaidi ya molekuli elfu moja, ambayo imeunganishwa na ile ya Afrika Kaskazini kuunda hazina ya molekuli asilia za Afrika, ANPDB. Ni bure. Kwa molekuli za viwandani zinazoweza kununuliwa, hazina ya ZINC ndiyo njia ya kawaida. Anza na ndogo. Hakuna sifa katika kupachika molekuli milioni kwa mipangilio ambayo hujaijaribu.

Kabla ya kupachika, chuja. Ondoa chumvi na marudio. Kwa molekuli za mimea, kagua kama rekodi inaonyesha mkono wa kila kaboni. Isipoonyesha, tengeneza maumbo yote yanayowezekana kwa RDKit, zana ya kemia ya Python uliyoiweka hatua ya 2. Kisha pitisha kichujio cha PAINS, orodha iliyotolewa mwaka 2010 na Jonathan Baell na Georgina Holloway, ya vipande vya molekuli vinavyodanganya vipimo vingi vya maabara kwa kushikashika protini ovyo, kutoa rangi au kuganda. RDKit inacho ndani yake.

Kichujio hiki kitaziuma molekuli maarufu. Flavonoidi kadhaa zitaanguka, na kukumini ya manjano itilie shaka hiyohiyo hata kichujio kisipoikamata. Usiwaonee huruma. Kukumini imeripotiwa kuzuia karibu kila kitu kilichowahi kuwekwa kwenye bomba la maabara, na bado haijawa dawa ya kitu chochote. Molekuli inayoshika kila mfuko haikuambii lolote kuhusu mfuko wako.

Kwa upande wa kanuni tano za Lipinski, kuwa mlegevu kidogo. Zinasema uzito usizidi 500 na mapenzi ya mafuta, logP, yasizidi 5. Rifampisini ina uzito wa 823. Bedakwilini ina 555 na inapenda mafuta kupita kiasi. Bakteria mwenye ukuta wa nta hafuati kanuni zilizotokana na vidonge vya magonjwa mengine. Tumia kanuni hizo kupanga vipaumbele. Usizifanye mlango wa kufungia nje.

Hatua ya 7: Endesha

Umeme hukatika, kwa hiyo andika amri inayoweza kuendelea ilipoishia:

for f in ligandi/*.pdbqt; do
  o=matokeo/$(basename "$f")
  [ -f "$o" ] && continue
  vina --config inha.txt --ligand "$f" --out "$o"
done

Kwa dakika moja kwa molekuli, elfu moja zitachukua takriban saa 17. Washa jioni na usiifunike kompyuta kwa nguo.

Hatua ya 8: Soma alama kwa akili, kisha tumia macho

Alama ya Vina hutolewa kwa kilokalori kwa moli, na kadiri inavyokuwa hasi ndivyo inavyodaiwa kushika zaidi. Waliotengeneza Vina wenyewe waliripoti kwamba kosa lake la kawaida ni takriban kilokalori 2.85. Tofauti ya kilokalori 1.4 katika joto la mwili ni sawa na nguvu ya kushika mara kumi. Kwa hiyo anayesema molekuli ya -9.4 ni bora kuliko ya -9.1 anapima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia. Alama ikusaidie kutenga kundi la juu, kisha ndani ya kundi hilo uisahau.

Alama pia hupendelea molekuli kubwa, kwa sababu kila atomi ya ziada huongeza mguso. Gawa alama kwa idadi ya atomi zisizo hidrojeni upate ufanisi, na utaona baadhi ya mabingwa wako wakiporomoka. Glikosidi za mimea, zenye sukari mbili tatu zinazoning'inia, huporomoka zaidi.

Sasa fungua mia moja za juu kwenye PyMOL, moja baada ya nyingine. Ndiyo, zote. Uliza maswali haya: inaigusa tairosini 158 kama 641 alivyofanya? Inalalia NAD? Sehemu yake ya mafuta imeingia kwenye upande wa mafuta wa mfuko, kwa fenilalanini 149, methionini 199 na jirani zake, au imeelekezwa kwenye maji? Kuna kundi lenye chaji lililozikwa mahali pasipo na wa kuliitikia? Molekuli imekunjwa kwa namna ambayo mkemia angecheka? Kazi hii inachosha, lakini hapa ndipo unapojifunza shabaha yako, na hapa ndipo orodha ya mia inakuwa ishirini. Mkaribishe mkemia mmoja akae nawe. Kwa kawaida atatupa nusu ya ulizozipenda.

Hatua ya 9: Uigaji wa mwendo, ukiwa na nafasi

Vina huichukulia protini kama jiwe. InhA si jiwe: kipande chake cha karibu na mdomo wa mfuko, kuanzia takriban asidi ya amino ya 196 hadi 219, huyumba, na vizuizi bora zaidi ni vile vinavyokituliza. Programu ya GROMACS inaweza kuigiza mwendo huo, lakini bila kadi ya michoro utasubiri sana. Ukipata nafasi kwenye kompyuta kubwa ya chuo, endesha tano za juu pamoja na 641 kama kipimo, kila moja mara tatu kwa mbegu tofauti. Mwendo mmoja mrefu wenye mchoro uliotulia haushawishi. Molekuli ikitoka mfukoni mapema katika zote tatu, ifute. Ikibaki, haijathibitisha kitu, imeponea tu.

Hatua ya 10: Ikabidhi kwa maabara

Kwanza jiulize maswali ya mgonjwa. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu katika ukanda wetu wana virusi vya Ukimwi pia. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini, hasa CYP3A4, kiasi kwamba dozi ya dolutegravir hulazimika kutolewa mara mbili kwa siku. Molekuli yako ikivunjwavunjwa na CYP3A4, haitadumu ndani ya mwili huo. Huduma za bure kama SwissADME hutoa makadirio. Yachukue kama tetesi.

Kisha uliza kama inapatikana. Molekuli nzuri ya mmea iliyotolewa mara moja, miligramu mbili, kutoka kwenye mizizi ya mti wa msitu mmoja, haijaribiki. Tafuta ndugu yake anayeuzwa.

Bakteria hai wa kifua kikuu hushughulikiwa kwenye maabara za usalama wa ngazi ya tatu, kama zile za taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, au kituo cha Mbeya cha taasisi kama hiyo ya Tanzania, NIMR. Huko Cape Town kituo cha H3D, kilichoanzishwa na Kelly Chibale mwaka 2010, hufanya kazi ya dawa mpya za malaria na kifua kikuu kuanzia kemia. Ukiwaendea wenye maabara, usipeleke jedwali la alama peke yake. Peleka molekuli kumi na tano zenye usafi na uyeyukaji unaojulikana, kizuizi kimoja cha moja kwa moja cha kulinganishia, na tano ulizozikataa, zote zikiwa na namba bila majina, ili anayepima asijue zipi ni zipi. Omba vipimo viwili: kuzuia kimeng'enya cha InhA kilichosafishwa, na kuzuia ukuaji wa bakteria.

Vipimo viwili kwa sababu majibu hupishana. Triklosani, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye sabuni, huizuia InhA, lakini kama dawa ya kumeza haifai kwa sababu mwili huiharibu haraka. Molekuli yako ikizuia kimeng'enya na kushindwa kwa bakteria, shida huenda ni ukuta au pampu zinazoitema nje, na mkemia ana pa kuanzia. Ikiua bakteria bila kugusa InhA, una molekuli ya kuvutia yenye shabaha nyingine. Wape wenzako wa jenetiki watafute ni ipi. Tano ulizozikataa zikifanya vizuri kuliko kumi na tano ulizozichagua, rudi hatua ya 5.